Oktoba si mwanzo wa msimu kwa Tanzania nzima

Wapo wanaowashauri wakulima wote wa Tanzania wapande mazao Oktoba. Hapana, ushauri huo wa "panda Oktoba" haufai kwa kila mkoa. Kagera vuli huwahi, hata Septemba. Tanga, Kilimanjaro, Arusha na pwani ya kaskazini vuli ni Oktoba hadi Desemba, halafu masika Machi hadi Mei. Lakini Dodoma, Singida, Tabora, Mbeya, Ruvuma hadi Mtwara kuna msimu mmoja tu, Novemba hadi Aprili. Sababu ni kwamba ukanda wa mvua hulifuata jua: kaskazini hupita ukishuka kwenda kusini, hupita tena ukirudi, ila kusini hufika na kutulia. Ndiyo maana Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri wa vuli na wa masika, na mwingine kwa mikoa ya msimu mmoja.

Nimelima Muheza mkoani Tanga na Kongwa mkoani Dodoma, najua tofauti. Ukilima Kongwa, tafadhali, usidanganywe na mvua ya kwanza ya Novemba. Mara nyingi inakatika wiki mbili tatu, mahindi yanaungua yakiwa machanga na mbegu imeshaisha. Ngoja udongo ulowe hadi chini, hata kama ni Desemba.