Muulize Fundi: Nichore ndege yangu kwa programu gani?

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina miaka 23, naishi Tabata, kazi yangu kufunga madirisha ya alumini. Huu mwaka wa pili natengeneza ndege za rimoti kwa yale maboksi meupe ya kubebea samaki, napewa na jamaa yangu pale Feri. Tatu zimeruka vizuri, mbili zimeniaibisha mbele ya watoto wa mtaa. Sasa nataka kuchora kwa kompyuta, halafu mbavu za bawa (vile vipande vya ndani vinavyolipa bawa umbo) zikatwe kwa leza. Laptopu yangu ya mtumba, RAM ni 4. Nimeifungua programu mara mbili, nikakutana na vitufe chungu nzima, nikaifunga. Nianzie wapi? (Kijana wa Tabata)

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Kabla ya yote, hayo maboksi unayaosha? Gundi haishiki kwenye mafuta ya samaki. Huenda moja ya zile mbili zilizokuaibisha ilianguka kwa sababu hiyo tu.

Kuhusu programu nitakujibu haraka, maana vijana hubishana hapo mwezi mzima na hakuna anayechora. Chukua FreeCAD. Ni ya bure, na ukishaipakua haikudai bando. Hakikisha ni toleo la 1.0, lililotoka Novemba 2024, au la baada ya hapo. Ya nyuma yalikuwa na ugonjwa: ukirudi kurekebisha kitu ulichochora mwanzo, matundu uliyochora baadaye yanahama au mchoro mzima unavunjika. Fusion ni nzuri, lakini ukitumia bure unabanwa usiwe na michoro zaidi ya 10 iliyo wazi kuhaririwa, na kwa RAM yako itakohoa. Onshape inafanya kazi ndani ya kivinjari, ila kwa akaunti ya bure kila unachochora kinaonekana na dunia nzima, na siku bando likiisha umekaa. Kwa laptopu yako FreeCAD itakwenda, mradi usifungue kingine chochote, hata muziki.

Sasa sikiliza. Usianze na ndege. Mimi nilijifunza kuchora miaka ya themanini kwenye karakana moja Barabara ya Pugu, ambayo leo ni ya Nyerere, kwa rula T na kalamu ya wino. Mzee aliyenifundisha hakuniruhusu kuchora mashine. Alinipa nati, akasema ichore mpaka mtu asiyeijua aweze kuichonga. Na wewe chukua kasevo kako ka gramu 9, kale kamota kanakosukuma usukani wa ndege, kapime kwa venia (kile kipimo cha kubana), ukachore. Mwili wake utakuta karibu milimita 23 kwa 12, lakini usiniamini mimi, iamini venia yako. Kisha chora kipande cha plaiwudi chenye tundu la kukapachika. Kikatwe, ujaribu. Kakiingia bila kulazimishwa na bila kucheza, umeshajua mambo matatu: kuchora mstari, kuupa mstari sharti (huu uwe sambamba na ule, huu uwe milimita 12 wala si zaidi), na kuunyanyua mchoro bapa ukawa kitu chenye unene. Vile vitufe vingine vyote vya kuvijua ukivihitaji.

Baada ya sevo, ubavu mmoja wa bawa. Hapa ndipo utamu ulipo. Umbo usilibuni kwa jicho. Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani kinahifadhi maumbo ya mabawa kwenye mtandao, kila moja ni faili dogo la namba. Tafuta Clark Y. Ni umbo la mwaka 1922, na rubani Charles Lindbergh alivuka nalo Atlantiki mwaka 1927. Mimi nalipendea jambo moja la kifundi: sehemu kubwa ya chini yake ni bapa, kwa hiyo unalijenga bawa likiwa limelala juu ya meza ya mama bila kutengeneza kalibu. FreeCAD inalifungua faili hilo lenyewe. Usishtuke ukiona umbo dogo kama chawa. Zile namba zinaanzia 0 kuishia 1. Ukitaka bawa lenye upana wa sentimita 20 kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, likuze mara 200, nalo litakuwa milimita 200.

Nikusimulie aibu yangu, maana umenisimulia zako. Mwaka juzi nilichora bawa la kuchongoka kuelekea nchani, mbavu 7 kila upande, kila moja na saizi yake. Urembo mtupu. Nafasi za kupachika ufito, ule mti mrefu wa plaiwudi unaoshika mbavu zote, niliziandika milimita 3, kwa sababu plaiwudi niliyonunua iliandikwa 3. Mbavu 7, kila moja nikaiandikia kwa mkono. Nikapeleka kwa wakata mabango wenye leza, nikalipa, nikarudi nyumbani. Kumbe ile plaiwudi ukiipima ni 2.6, na leza nayo inakula kidogo inapopita. Mbavu zikacheza kwenye ufito kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Mke wangu aliuliza kama nauza feni za mkono.

Kosa si plaiwudi. Kosa ni kuandika namba moja mara saba. Ndani ya FreeCAD kuna jedwali, kama lile la mahesabu ya ofisini. Fungua kisanduku, kipe jina “unene”, weka 2.6, kisha kila nafasi iambie isome hapo. Ukinunua mbao nyingine kesho unabadilisha namba moja, bawa zima linajirekebisha. Bila hilo, kompyuta ni penseli ya bei ghali tu. Na bawa lako la kwanza liwe la mstatili, upana uleule mwanzo hadi mwisho, ili uchore ubavu mmoja ukate mara 14. Kuchongoka utachongoka mbele ya safari.

Kabla ya kulipia leza, chapisha ubavu steshenari kwenye karatasi ya A4. Pembeni ya mchoro weka mraba wa milimita 100. Vijana wa steshenari hupenda kubana mchoro uenee kwenye karatasi bila kukuuliza. Ukipima mraba ukakuta 97, ubavu wako wa 200 umekuwa 194. Mrudishie, mwambie achapishe asilimia 100.

Uzito ndio programu haitakuonea huruma. Itakuchorea ndege ya chuma na isikwambie kitu. Bawa la sentimita 120 kwa 20 ni desimita za mraba 24. Ndege nzima pamoja na betri ikiwa gramu 900, kila desimita ya mraba inabeba gramu 37.5, na kwa anayejifunza mimi sipendi ivuke 40. Azima mizani ya jikoni, pima kila kipande, gundi usiisahau. Halafu inyanyue ndege kwa vidole viwili chini ya bawa, sentimita 5 hadi 6 kutoka ukingo wa mbele. Ikiinamisha mkia, sogeza betri mbele kabla hujaipeleka uwanjani.

SWALI: Fundi, naishi Kiwalani, uwanja wa mpira uko mlango wa pili. Naweza kurushia hapo? (Baba Salma)

JIBU: Hapana, Baba Salma. Hapo ndege za abiria zinapita juu ya bati lako zikienda kutua. Waulize kwanza TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kuhusu kibali, kisha utafute eneo wazi mbali na uwanja wa ndege, kwa mfano huko Kigamboni ndani. Nenda asubuhi saa moja, kabla upepo wa bahari haujaamka.