Mkuu usilipie hiyo kayaki ya "pedali utaongeza baadaye"

Subiri kwanza mkuu, usiswaipu kadi. Nimeisoma post yako mara mbili. Una dola 1,300, umeona kayaki ya kuvulia ya 1,199 hapo Houston imeandikwa iko tayari kwa pedali (ule mtambo wa kukanyaga kwa miguu unaosukuma chombo badala ya kafi), pedali yenyewe unapanga kuinunua Desemba bonasi ikitoka, alafu chini ukauliza pedali ya mapezi yanayopepea chini ya chombo au ya propela inayozunguka ipi bora, kiti kipi, rangi gani samaki hawaiogopi, kifaa cha kuonyesha samaki, na kama dogo wako wa miaka 10 anaweza kukaa mbele. Hilo la pedali kuja baadaye ndo limenifanya nifungue kompyuta usiku huu, maana mimi nilifanya hivyo hivyo 2021, mji huo huo, nikaambiwa maneno hayo hayo, na ikanila zaidi ya dola 1,300. Yani hela yako yote uliyonayo sasa hivi, mimi niliitupa baharini.

Ilikuwa Septemba. Bodi, yani chombo chenyewe bila pedali, bei yake 1,299. Muuzaji kijana mchangamfu, ananiita brother kila sentensi, akanionyesha tundu la katikati lililofunikwa kizibo cheusi cha plastiki, akaligongagonga kwa vidole akasema hii ni kayaki ya kukua nayo, leo unapiga kafi, siku ukipata hela unachomeka pedali, dakika mbili umemaliza. Pembeni yake palikuwa na nyingine kamili, modeli ya mwaka uliopita, pedali imo ndani, usukani nyuma, imeshushwa hadi 1,999. Tofauti dola 700. Nikasema 700 kwa sasa hapana, nitajipanga. Na yule kijana aliyejua fika kwamba ile pembeni ndo kitu ninachokitaka hakutamka neno hata moja.

Miezi saba nikawa napiga kafi. Sasa sikiliza, mimi mtoto wa Tanga, kafi nimeishika kabla ya kalamu, lakini ile bodi haipigwi kafi. Bodi za pedali wanazifanya pana ili usimame urushe mshipi, yangu ilikuwa inchi 36, karibu sentimita 91, kiti kipo juu, ukitaka kufikia maji inabidi uinamie upande na kila mara vidole vinagonga ubavu. Ngalawa bodi yake nyembamba ndo maana inakata maji, utulivu wanauweka nje kwenye mirengu. Hii utulivu wote upo kwenye tumbo, na tumbo unalisukuma wewe kwa mabega. Alafu lile tundu. Kizibo hakikai sawasawa na bodi, kinaacha mfereji wa kuingia kidole kuzunguka pembeni, maji yanaingia yanazunguka mle ndani, kila ukivuta kafi unasikia glup, glup, na unaisikia kabisa inakushika kama kuna mtu chini kakamata.

Aprili 2022 nikaenda Christmas Bay, ghuba ya pwani ya Texas kule karibu na San Luis Pass, asubuhi maji kimya kabisa nikavuka kuelekea kaskazini nikiwafuata redifishi, wale wekundu wenye doa jeusi mkiani. Wenye uzoefu wa pwani ya Texas wanajua msimu ule upepo wa kusini mashariki ukiamka hausinzii tena. Saa nne ukaamka. Kurudi kilomita mbili tu kukanichukua saa mbili na nusu, nikiacha kupiga nipumue nikiangalia pembeni naona nguzo niliyoipita inarudi mbele yangu. Nilifika ufukweni kiganja cha kulia kimechunika, nikashindwa hata kuibeba kayaki kuipandisha kwenye gari, nikakaa mchangani mpaka mzee mmoja na mke wake wakanisaidia.

Basi Mei nikaenda dukani na dola 900 taslimu, bei ile ile niliyoambiwa ya pedali. Yule kijana kashaondoka. Mwingine akaandika namba ya bodi yangu kwenye kompyuta, akaangalia, akaangalia tena, akaniambia kiwanda kimebadilisha mfumo, pedali za sasa zina shingo tofauti haziingii kwenye tundu lako, za zamani hazitengenezwi. Nikamuuliza sasa hii iko tayari kwa pedali ipi? Akanyanyua mabega.

Hapo ndo uelewe mkuu: "tayari kwa pedali" maana yake kuna tundu, basi. Tundu halina mkataba na kiwanda. Hakuna karatasi inayosema hiyo pedali itakuwepo Desemba, wala bei itabaki ile, wala itaingia. Na usije ukadhani pedali ni kitu cha kuokoteza popote kama pedali za baiskeli, kila kampuni ina tundu lake na shingo yake, ya huyu haikai kwa yule, na hata kampuni moja hubadilisha yenyewe kwa yenyewe.

Nami sikukubali kushindwa, nikaingia mtandaoni nikatafuta ya mtumba wiki tano, nikaipata Corpus Christi kwa 750, kwenda tu ni zaidi ya saa tatu barabarani. Nikachomeka, ikaingia, nikafurahi kama mtoto wa Idi. Nikaingia majini nikakanyaga, kitu kikaenda kwa kasi nzuri sana, kikaenda moja kwa moja kwenye nguzo za gati, maana HAIGEUKI. Bodi iliyouzwa bila pedali iliuzwa bila usukani pia! Ukiwa na kafi unageuza kwa kafi, ukiwa na pedali mikono imeshika fimbo, bila usukani nyuma wewe ni mshale. Hilo hakuna aliyelisema, si muuzaji, si wale jamaa wa video wanaopewa kayaki bure wakae ndani wanatabasamu, wao zao zimekuja kamili toka kiwandani, wangejulia wapi. Usukani dola 240, na kutoboa bodi mwenyewe, na kupitisha waya zake toka nyuma mpaka kwenye mkono wa kushoto. Mara ya tatu kwenda nayo majini jino la ndani la pedali likakatika, na spea ndo hiyo haitengenezwi tena.

Piga hesabu: 1,299, jumlisha 750, jumlisha 240, ni 2,289, hapo sijaweka mafuta wala kodi. Nikaiuza kila kitu 950 kwa jamaa aliyetaka kuifunga mota, na nilimwambia ukweli wote mpaka kwamba Texas ukishafunga mota, hata ile ndogo ya umeme, lazima uisajili kama boti. Ile kamili ya 1,999 ingekuwa uani kwangu mpaka leo.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na ninaisema kwa herufi kubwa: SIKU UNAYOLIPIA BODI, PEDALI NA USUKANI VIWE NDANI YAKE. Kama hela haitoshi, hununui bodi ya pedali kabisa. Unanunua kayaki ya kafi iliyochongwa iwe ya kafi, nyembamba zaidi, nyepesi, hata ya mtumba, unavua mwaka mzima kwa raha huku unaweka akiba. Au unasubiri. Hakuna njia ya katikati mkuu, hiyo ya katikati ndo wanayouza.

Na hela yako yenyewe: hiyo 1,199 ikifika kaunta na kodi ya asilimia 8.25 ni kama 1,298. Unabaki na dola mbili. Jaketi la kuokolea bado, kafi lenyewe bado (bodi pana kama hiyo inataka refu, sentimita 250 kwenda juu), kamba bado. Desemba bonasi ikija itakuta madeni.

Mapezi au propela, haraka haraka. Kama unavua pwani ya Galveston na vidimbwi vya pembeni vyenye chaza, mapezi, yale yaliyoletwa na kampuni ya Hobie 1997, kwa sababu maji yakipungua unasukuma mguu mmoja mbele mapezi yanalala bapa chini ya bodi unapita. Propela inaning'inia kama nusu mita chini, ikigonga mwamba wa chaza utasikia mpaka kwenye meno, na majani yanajizungusha kwenye shingo yake. Ila propela inarudi nyuma ukikanyaga kinyume, na kwa Ziwa Conroe lenye kina ni tamu sana. Yoyote utakayochukua ifunge kamba kwenye bodi, pedali ikichomoka chombo kikipinduka inaweza kuzama.

Yangu ya sasa nimeinunua 2023, ya mtumba, kamili. Kabla sijatoa hata senti nilimwomba mwenye nayo twende nayo majini, nikaikanyaga nusu saa, nikaizungusha kushoto kulia, nikaigeuza juu chini ufukweni nikapapasa kila tundu la kutolea maji kwa kidole kutafuta ufa, maana ndo panapopasuka ukizoea kuikokota kwa kitoroli kinachochomekwa mle. Mzee wa watu alinisubiri tu, akasema angekuwa yeye angefanya hivyo hivyo.

Sasa umesema umeacha dola 100 ya kuwashikia mpaka Jumamosi. Kesho Ijumaa wapigie, waulize maswali mawili tu: pedali ya bodi hiyo mnayo stoo leo, niione kwa macho ikiingia? Na bei yote ikiwa na usukani ni ngapi? Wakianza "unaweza kuagiza baadaye", idai 100 yako kabla hawajafunga. Wakikuzungusha njoo PM uniambie uko upande gani wa mji, Jumamosi asubuhi sina kazi, nitakuja twende wote.