lmer haitoi p: usikimbilie 1.96 ukiwa na shule 12

Mkuu, umesema una shule 12, sita zimepewa programu mpya ya kusoma na sita hazikupewa, wanafunzi kama 600, na lmer (amri ya kifurushi cha lme4 katika programu ya takwimu R, ya modeli zenye data ya makundi kama shule) imekupa t = 2.05 (tofauti ya makundi ikigawanywa kwa kosa sanifu lake) bila p, yaani uwezekano wa kupata tofauti kama hiyo kwa bahati tu. Waliojibu kabla yangu wamekushauri ulinganishe t na 1.96, kizingiti cha kawaida cha p ya 0.05, umalize. Hapana.

Programu imegawiwa kwa shule, si kwa mwanafunzi mmoja mmoja. Kinachohesabika ni zile 12, ukitoa wastani wa makundi mawili unabaki na digrii za uhuru (idadi ya taarifa huru za kukadiria kosa) 10 hivi. Kizingiti chake ni 2.228. Kwa t ya 2.05 p inakuwa karibu 0.07, wakati mkunjo wa kawaida (normal, wenye ile 1.96) ungekupa 0.04. Hata ukiongeza wanafunzi elfu tano katika shule zilezile, hiyo 10 haisogei.

lme4 haikusahau p. Douglas Bates, mwandishi wa lme4, alieleza sababu kwenye R-help, orodha ya barua pepe ya watumiaji wa R, mwaka 2006. Shule zote zingekuwa na wanafunzi sawa, kipimo cha F (kwa tofauti moja ni t ya mraba) kingekuwa kamili. Wakiwa 31 shule hii na 74 ile, kosa sanifu linachanganya varianisi mbili za kukadiria (ya kati ya shule na ya kati ya wanafunzi) kwa uzito usiolingana, na uwiano unaopatikana haufuati t wala F kamili. Unabaki na ukadiriaji wa digrii za uhuru:

library(lmerTest)
m <- lmer(alama ~ programu + (1|shule), data = d)
summary(m, ddf = "Kenward-Roger")

Sakinisha pbkrtest kwanza. Usipoandika ddf utapewa Satterthwaite, ambayo hurekebisha digrii tu. Kenward-Roger hurekebisha na kosa sanifu lenyewe, ndiyo maana kwa vikundi vichache naipendelea. Data ikiwa kubwa mno Kenward-Roger itakuchosha kusubiri. Hapo Satterthwaite inatosha.

Ukitaka kulinganisha modeli mbili zinazotofautiana kwa programu, usitumie logLik (kipimo cha jinsi modeli inavyolingana na data) za REML, njia ya kukadiria ambayo lmer hutumia usipoibadilisha; hazilinganishiki. anova() yenyewe huzikokotoa upya kwa ML (njia ya kawaida ya likelihood), ila jaribio lake la kai-mraba ni jepesi mno kwa shule 12, hutoa p ndogo kupita kiasi. Afadhali butistrapu (bootstrap, kupima kwa data za kuigiza): m0 iwe modeli isiyo na programu, kisha library(pbkrtest), set.seed(1) na PBmodcomp(m, m0, nsim = 1000). Inazalisha data kutoka m0 na kuhesabu ni mara ngapi tofauti inafikia yako.

Kupima kama varianisi ya shule (tofauti za shule na shule) ipo ni kesi nyingine. Haiwezi kushuka chini ya sifuri, hivyo p ya kai-mraba ya digrii 1 huwa kubwa kupita kiasi. Igawe kwa mbili, au tumia exactRLRT ya kifurushi cha RLRsim.

Na kabla ya kuamini chochote, endesha isSingular(m), inayoangalia kama varianisi fulani imekwama kwenye sifuri. Ikijibu TRUE kwa sababu varianisi ya shule imekadiriwa sifuri, digrii za Satterthwaite zinaweza kuruka kutoka 10 hadi karibu 598, kwani modeli sasa inawaona wanafunzi kama hawana shule. p itapendeza, usiichukue. Kokotoa wastani wa kila shule, fanya jaribio la t la makundi mawili kwa namba hizo 12.