Barua kwa mwanangu Skola: haikuwa huruma ya padri

Bagamoyo, Kwaresima

Mwanangu Skola,

Tumsifu Yesu Kristo.

Ujumbe wako tumeusoma mimi na mama yako, tukaurudia. Tumefurahi kwamba wanajumuiya wa huko Tanga, majirani Wakatoliki mnaosali pamoja, wamekuamini wakakuchagua kuwa katibu wao, ingawa naona kazi yenyewe imeanza na jambo zito. Unasema katika jumuiya yenu kuna mama mjane mwenye kijana wa miaka thelathini na kitu, ana ulemavu wa akili tangu kuzaliwa. Alibatizwa akiwa mchanga, lakini hajapata Komunyo ya Kwanza wala Kipaimara. Mama yake ameomba, na wazee wawili wamesema haiwezekani kwa kuwa kijana hajui hata Baba Yetu. Jambo limewekwa kwenye kikao cha Alhamisi. Wewe umekua ukimwona baba mdogo wako Damasi akikomunika kila Jumapili, ndipo ukaniuliza: ile ilikuwa ruhusa ya Kanisa, au ilikuwa huruma ya padri wetu tu?

Haikuwa huruma, mwanangu. Ilikuwa haki ya Damasi, na padri alitimiza wajibu wake. Tofauti ya hayo mawili ni kubwa. Padri mwenye huruma akihamishwa, huruma inahama naye. Anakuja mwingine na mama anaanza upya kubembeleza. Haki inabaki parokiani, awepo padri huyu au yule.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 912, inasema kila mbatizwa asiyezuiwa na sheria anaweza na anapaswa kupokelewa kwenye Komunyo Takatifu. Tazama mzigo umewekwa kwa nani. Mama yule hatakiwi kuleta ushahidi kwamba mwanawe anafaa. Anayetaka kumzuia ndiye alete sheria inayomzuia. Kanuni ya 777 inamtaka paroko ahakikishe watu wenye ulemavu wa mwili au wa akili wanapata katekesi kadiri hali yao inavyoruhusu. Yaani paroko hangoji waje kumwomba. Na kuhusu Kipaimara, kanuni ya 889 inadai mafundisho kwa mtu mwenye matumizi ya akili. Asiye nayo hanyimwi kwa sababu hiyo. Naye Papa Fransisko, katika ujumbe wake wa Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2020, alisisitiza kwamba watu hawa wana haki ya kupokea sakramenti kama waamini wengine wote.

Hao wazee wawili usiwaone wabaya. Wanaogopa Sakramenti isidharauliwe, na hofu hiyo ni njema. Wanachokumbuka ni mafundisho ya utotoni mwao, ambapo asiyekariri maswali na majibu alirudishwa nyuma mwaka mzima. Waeleze kwa heshima kwamba kukariri hakukuwa kipimo cha Kanisa hata wakati huo. Mwaka 1910 Papa Pio wa Kumi aliwafungulia watoto wa umri wa miaka saba hivi njia ya Komunyo, wakati sehemu nyingi walikuwa wakingojeshwa hadi kumi na miwili na kuendelea. Alichotaka ni mtoto aweze kutofautisha Mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida. Maaskofu wa Marekani, walipoandika mwongozo wao kuhusu sakramenti na watu wenye ulemavu mwaka 1995, walishika kipimo hichohicho, wakaongeza kwamba mtu anaweza kukionyesha kwa namna anavyokaa, kwa ishara ya mkono au kwa kunyamaza kwake kwa heshima, si lazima kwa maneno. Tena wakasema penye shaka, iamuliwe kwa kuitazama haki ya mbatizwa. Mwongozo ule haukuandikwa kwa ajili ya Jimbo la Tanga, lakini kipimo chenyewe ni cha Kanisa zima.

Sasa nikueleze ilivyokuwa kwa Damasi, maana wewe ulikuwa mdogo.

Alikuwa mtu mzima tayari, na ndevu zake. Bibi yako ndiye aliyelileta jambo hili kwa paroko, na kwa kuwa mimi nilikuwa katekista, paroko akaniambia nimfundishe mwenyewe nyumbani. Masista walinipa hostia za kawaida, vile vimkate vyembamba vya Misa, zile ambazo hazijapelekwa altareni. Siku ya kwanza aliitema. Ilimganda kwenye kaakaa akashtuka, akawa anaikwangua kwa kidole. Mama yako akashauri apewe funda la maji kwanza ili mdomo ulainike, na maji hayavunji mfungo wa Ekaristi, ule wa kabla ya Komunyo, basi tatizo likaisha. Kila jioni baada ya sala tuliweka mezani vitu viwili: andazi kwenye sahani, na hostia juu ya kitambaa cheupe na mshumaa pembeni. Sikumuuliza maswali. Nilimpa andazi tukala tukicheka. Kisha nikawasha mshumaa, nikaonyesha msalaba ukutani, nikaonyesha hostia, nikaweka mkono kifuani na kunyamaza. Basi, ni hivyo tu, jioni kwa jioni.

Ilipita miezi. Jioni moja paroko alikuwa amekuja kututembelea, mama yako akaweka kikombe cha chai karibu mno na kile kitambaa cheupe. Damasi akakisogeza kikombe mpaka ukingo wa meza, akavua kofia yake, akakaa kimya. Paroko akanitazama, akasema, "Katekista, unataka akujibu nini tena?" Jumapili chache baadaye akakomunika kwenye Misa ya watu wote, amevaa shati la kupigwa pasi, kwenye mstari wa wanaume. Ile "Mina!" yake, yaani Amina, unaijua. Mpaka leo anaitamka kwa sauti inayofika kwenye kwaya.

Lakini wapo wasioweza hata hivyo, na labda huyo kijana wenu ni mmojawapo. Hapo nakuomba ushike alichoandika Papa Benedikto wa Kumi na Sita mwaka 2007 katika waraka wake juu ya Ekaristi, namba 58: wenye ulemavu wa akili waliobatizwa na kupata Kipaimara wapewe Komunyo kila inapowezekana, kwa kuwa wanaipokea pia katika imani ya familia au ya jumuiya inayowasindikiza. Fungua Marko sura ya pili uwasomee Alhamisi. Mwenye kupooza anateremshwa kupitia darini, na Injili inasema Yesu aliiona imani yao, wale waliombeba. Mgonjwa mwenyewe hajasema neno. Na kama shida ya kijana ni kumeza, kanuni ya 925 inaruhusu, pakiwa na haja, apewe Damu ya Kristo peke yake, yaani katika umbo la divai.

Hapa Bagamoyo misheni ilianza mwaka 1868, Mapadri wa Roho Mtakatifu walipovuka kutoka Zanzibar. Wengi wa waliopokelewa mwanzoni walikuwa watu waliokombolewa utumwani, wamo na watoto, watu ambao soko lilikuwa limewapangia bei. Kanisa lenye mwanzo wa namna hiyo lingepata wapi uso wa kupima nani ana akili ya kutosha kukaa mezani?

Sasa nikwambie jambo ambalo hukuniuliza, nami naliona ni kubwa kuliko lile uliloniuliza. Komunyo ikishapatikana, msidhani kazi imekwisha. Nimewaona watu wanaoletwa kanisani, wanakomunika, wanarudishwa nyumbani, na wiki tatu wasipoonekana hakuna anayeuliza. Kijana huyo atakuwa mwanaparokia siku mtakapokuwa mnamtegemea kwa jambo fulani, na asipokuja likwame.

Jumuiya yetu husali nyumba kwa nyumba kila Jumamosi alfajiri, kama mnavyosali nyinyi. Msalaba na kile kiredio cha nyimbo zamani alivibeba yeyote. Mwenyekiti wetu wa wakati ule, mama mmoja mwenye busara, alimkabidhi Damasi msalaba. Alimkabidhi mbele ya watu wote, akamwambia, "Mzee Damasi, kuanzia leo huu ni wako kuutunza." Aliupeleka nyumbani akaulalia. Wiki nzima upo kwetu, anaufuta vumbi kwa kitambaa chake, na Jumamosi anatoka kabla sisi hatujaamka vizuri. Akiugua, mtu anakuja kugonga: msalaba uko wapi, na Damasi mwenyewe ana nini? Hata majirani zetu Waislamu wakimwona amechelewa kupita huuliza kama yu mzima. Mtafutieni kijana wenu kazi ya namna hiyo, ya kweli, yenye uzito anaouweza. Msimbunie kazi ya kumfurahisha tu, atajua. Damasi anajua.

Na awekwe na watu wazima. Hili linanichoma. Kuna siku mtu alipendekeza Damasi akae na watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto wa Kanisa, eti ndio wa kiwango chake. Mwanamume mwenye mvi! Kaka zake na rika lake wako UWAKA, umoja wa wanaume Wakatoliki, na yeye yuko UWAKA, anatoa mchango wake wa mwezi kwa mkono wake mwenyewe kutoka kwenye kopo la shilingi anazopata kwa kuchota maji. Hafuati ajenda ya kikao, lakini anajua nani amefiwa, na huenda kukaa karibu naye. Huyo kijana wenu naye, mwenyekiti akimsalimia, amsalimie yeye, kwa jina lake, kabla ya kumgeukia mama yake.

Kuhusu kelele uliyoitaja: itakuwepo. Damasi hapatani na spika. Tulichagua Misa ya kwanza, ambayo haina vyombo vingi, na tukamweka benchi la pembeni karibu na mlango, mbali na spika, lakini mbele, aone altare. Ukimweka nyuma kabisa anaona migongo tu, na mtu anayeona migongo saa nzima lazima atachoka apige kelele. Akizidiwa, mmoja anatoka naye hadi chini ya miembe, wanapunga upepo, wanarudi. Mwombeni paroko aseme neno moja kwenye matangazo, ili watu waache kugeuka na kukodoa macho. Na yule atakayesema mtoto amezaliwa hivyo kwa dhambi za wazazi au kwa kurogwa, yupo na atasema, msomee Yohana sura ya tisa, pale wanafunzi walipouliza swali hilohilo na jibu walilopewa.

Jambo jingine ni la usalama, nalo liandikwe kwenye daftari lako. Watu wenye ulemavu wa akili hudhulumiwa kirahisi, na wengi hawawezi kusimulia walichotendewa. Asindikizwe na watu wawili wanaojulikana, si mmoja, na haja zake zishughulikiwe na ndugu au mtu ambaye mama yake amemchagua mwenyewe. Anayekataa utaratibu huo asipewe kazi hiyo, hata awe mtu wa sala kiasi gani.

Na huyo mama mwenyewe, mwanangu. Mjane, kijana mkubwa, hawezi kwenda WAWATA kwa wanawake Wakatoliki wenzake, hawezi kwenda msibani akakesha. Sidhani kwamba anachokiomba kwenu ni sakramenti peke yake. Usiku anawaza akifa itakuwaje, kwa sababu bibi yako aliwaza hivyohivyo na aliniambia. Nani atajua kwamba kijana anaogopa mvua ikipiga bati? Nani atajua kwamba ugali wa moto hagusi? Nendeni mkakae kwake, wawili watatu, kwa zamu, mpaka kijana awazoee na nyinyi mjue hayo. Bibi yako alipofariki, Damasi alikuwa na nyumba nne katika jumuiya anazoingia bila hodi na kupewa sahani. Ndiyo maana hakupotea.

Kabla ya Alhamisi fanya mawili. Nenda kwao Jumanne au Jumatano, uongee na kijana mwenyewe, uone anapenda nini na mikono yake inaweza nini. Kisha umwone paroko peke yenu, usimshtukize kwenye kikao. Mpe hizo kanuni, umwombe achague katekista mmoja mwenye subira. Kikao hakina mamlaka ya kupiga kura juu ya sakramenti ya mtu, kwa hiyo usikubali kura ipigwe. Kikao kiamue nani atamsindikiza na kazi gani atapewa.

Nimeweka kwenye bahasha zile picha nilizotumia kumfundishia Damasi, na kitambaa kimoja cheupe ambacho mama yako amekipinda upya. Ninaikabidhi kwa kondakta wa basi Ijumaa, ila kama mnavihitaji mapema nipigie, nitatafuta gari la kesho. Utaipokea stendi ya Kange, hapo Tanga. Damasi anauliza kama utakuja Pasaka, na kama utamletea machungwa ya Muheza.

Baba yako