Kwenda Kigali mwezi wa nne ukitokea Tanzania: makumbusho, adabu, na swali la kuliacha mpakani Rusumo

Mkuu, umeuliza mambo mawili: uanzie wapi kuona kumbukumbu za mauaji ya 1994 nchini Rwanda, na uongeeje na wenyeji bila kuwatonesha. Naanza na la pili, maana ndilo linalowaponza Watanzania wengi.

Kwetu "wewe kabila gani?" ni mlango wa utani. Mpare na Mchaga wakishatambuana, kutaniana kumeshaanza. Kule swali hilo limewahi kuua. Tangu miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji uliandika kabila kwenye kitambulisho, na 1994 kitambulisho hichohicho ndicho kilichosomwa kwenye vizuizi vya barabarani kuamua nani apite na nani achinjwe. Baadaye kipengele hicho kiliondolewa. Kwa hiyo usiulize, wala usizunguke mbuyu kwa "familia yenu ilikuwa upande gani?" au kukisia kwa pua na urefu. "Vita vya Wahutu na Watutsi" nayo iache. Jina rasmi ni mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na kuyakana au kuyapunguza uzito ni kosa la jinai.

Uliza mtu anatokea wilaya gani, anafanya kazi gani, kisha nyamaza. Wengi walikulia uhamishoni Tanzania, Uganda, Burundi au Kongo, na wakikusikia lafudhi yako watakueleza wenyewe walisoma wapi. Kiswahili kitakusaidia zaidi mitaa ya Nyamirambo na Biryogo jijini Kigali, na kwa baadhi ya madereva wa pikipiki. Mashambani tegemea Kinyarwanda.

Sasa mpangilio. Anza mtaa wa Gisozi hapo Kigali, kwenye makumbusho ya Kigali Genocide Memorial. Tenga saa tatu. Kuingia ni bure, unacholipia ni kifaa cha kusikiliza maelezo, nacho kichukue. Humo utapata chanzo cha yote kwa mpangilio, ndiyo maana nasema pawe pa kwanza. Chumba cha watoto kiko mwishoni: picha, chakula alichokipenda mtoto, namna alivyouawa. Wengi hushindwa kuendelea hapo. Toka nje ukakae bustanini. Kwenye makaburi ya pamoja wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Usipange kitu kingine mchana huo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni umuganda, usafi wa lazima, kwa hiyo nenda mchana.

Siku nyingine panda basi stendi ya Nyabugogo, Kigali, uende Nyamata, kama kilomita 30 kusini. Ni kanisa. Nguo za waliouawa zimewekwa humo ndani, bati limetobolewa kwa risasi na vipande vya mabomu, na ngazi nyembamba zinashuka kwenye mafuvu. Ndani hakuna kupiga picha. Pembeni kuna kaburi la Antonia Locatelli, Mwitaliano aliyeuawa Machi 1992 baada ya kuvieleza vyombo vya habari vya nje kwamba Watutsi wa Bugesera, eneo hilohilo la Nyamata, wanauawa. Miaka miwili kabla ya 1994! Simama hapo kidogo. Ile hadithi ya "ghadhabu za ghafla baada ya ndege ya rais kudunguliwa" Aprili 1994 inakufa palepale.

Makumbusho ya Murambi, karibu na Nyamagabe kusini mwa Rwanda, iache mwisho au iache kabisa. Miili imehifadhiwa kwa chokaa katika vyumba vya shule, na mtu asiyeandaliwa hatoki na maarifa yoyote, anatoka na kichefuchefu tu. Waongozaji wa maeneo haya wengine ni manusura. Usimwombe akusimulie yake; akitaka ataanza mwenyewe.

Kuhusu tarehe: 7 hadi 13 Aprili ni wiki ya maombolezo. Miziki ya baa, harusi na mechi husimama. Kama unataka kula raha, sogeza safari. Kama uko tayari kuomboleza nao, hakuna wiki bora zaidi, ila vaa nguo za heshima na usijipige selfi.

Mpakani: Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanavukiana kwa kitambulisho cha taifa, Mtanzania anahitaji pasipoti. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2008, itupe kabla ya Rusumo. Rudisha saa nyuma kwa saa moja. Magari hupita kulia, basi tazama kushoto kwanza unapovuka barabara.

Ukifika darajani Rusumo kumbuka kwamba 28 na 29 Aprili 1994 wakimbizi wapatao robo milioni walivuka hapo kuingia Ngara ndani ya takriban siku moja, na kambi ya Benaco ikazaliwa. Ukitokea kaskazini, malizia Arusha. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa pale ndiyo iliyomtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba nchini Rwanda, tarehe 2 Septemba 1998, hukumu ya kwanza ya mauaji ya kimbari kutolewa na mahakama ya kimataifa. Ilifungwa mwishoni mwa 2015 na kumbukumbu zake zikahamia Lakilaki, nje kidogo ya mji wa Arusha. Waandikie wanaozitunza mapema kuomba nafasi ya kutembelea, usiende kubisha hodi getini.