Umefungwa nyumbani, Mjomba

Swali lenu la wiki hii: ni mambo gani mawili unayoyapenda ambayo watu hawaamini yanakaa kwenye kichwa kimoja? Yangu ni kubashiri mechi za soka na kushindanisha waimbaji wa tamthilia za muziki.

Ijumaa usiku najaza utabiri wa mechi 10 za Ligi Kuu ya England. Kikundi chetu cha kazini hakiwekeani pesa, tunawekeana kejeli tu. Ukipatia mabao yenyewe, alama 3. Ukipatia mshindi au sare tu, alama 1. Nikishatuma, navaa hedifoni, nageukia tamthilia ya muziki ya Les Misérables.

Kwenye soka nimefundishwa ubaridi kwa viboko. Zamani timu yangu niliipa ushindi kila wiki, na kila wiki nilishika mkia. Siku hizi swali la kwanza ni nani yuko nyumbani, maana mwenyeji hushinda mara nyingi kuliko mgeni. Msimu wa 2020/21, viwanja vikiwa vitupu kwa sababu ya korona, ushindi wa ugenini ulizidi wa nyumbani kwenye ligi hiyo. (Oktoba 2020 Aston Villa waliichapa Liverpool 7-2. Mimi nilikuwa nimeandika 0-3. Tuyaache hayo.)

Kwa waimbaji nilijiona sina upendeleo. Wimbo wangu wa kupimia ni "Bring Him Home", sala ya Jean Valjean, mhusika mkuu wa Les Misérables, kwa kijana aliyelala kwenye kizuizi cha waasi. Neno la kwanza liko chini, sauti inaruka juu papo hapo, na huko juu mwimbaji hatakiwi kupaza: anaomba, hatangazi. Colm Wilkinson, Valjean wa kwanza wa London mwaka 1985, anaingia na mkwaruzo kidogo kooni, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala. Alfie Boe, Valjean wa tamasha la miaka 25 ya tamthilia hiyo mwaka 2010, ametokea opera, na inasikika: noti ya juu anaidaka kama kipa anavyodaka krosi, mikono miwili, haichoropoki. Miaka yote nimempa Wilkinson ushindi. Nikiulizwa kwa nini, najibu "hisia", jibu ambalo kwenye utabiri wa soka lingenichekesha.

Ndipo nikashtuka. Wilkinson ndiye niliyemsikia kwanza. Sikioni mwangu yeye yuko nyumbani, wengine wote wanacheza ugenini.

Nikamwomba mpwa wangu aniwekee rekodi bila kunitajia majina, kila moja sekunde chache tu. Kwa Valjean jaribio lilivunjika mapema, maana Wilkinson nilimtambua kabla hajamaliza neno la kwanza. Tukahamia "Stars", wimbo wa Javert, yule askari asiyejua kusamehe. Kipande A nikakipa 8. Kipande B, sauti nzito, imetulia, haina haraka ya kumthibitishia mtu kitu, nikakipa 9. Nikasema kwa kujiamini kabisa kwamba B ni Philip Quast, wa tamasha la miaka 10 pale Royal Albert Hall mwaka 1995. Ninaowafahamu wote nimeshawachosha na hoja kwamba hakuna Javert kama Quast.

B alikuwa Norm Lewis, Javert mwingine. Quast alikuwa A.

"Mjomba," mpwa wangu akasema, "umefungwa nyumbani."

Nikadai marudiano, tena wimbo mzima, majina yakiwa wazi. Quast akapata 9 yake. Mpwa wangu amekataa kuiandika kwenye daftari.