Naanza kazi tarehe 1, kabatini nina jinzi na tisheti za chuo

*Shikamoo Shangazi. Nilimaliza chuo mwaka jana. Baada ya kuzunguka na bahasha miezi minane, nimepata kazi ya uhasibu kwenye SACCOS moja hapa Moshi. Kabatini nina jinzi tatu, tisheti za chuo, raba, na gauni nililoshonewa kwenye sendoff ya dada. Mfukoni nina shilingi 150,000. Rafiki yangu anasema nikope ili siku ya kwanza nionekane mtu, nitalipa mshahara ukitoka. Mama naye anataka kunipa makoti yake ya zamani ya ualimu, na kusema kweli naona aibu. Nifanyeje?*
*Mhitimu, Pasua*

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Miezi minane ya bahasha si mchezo.

Usikope. Mshahara wa kwanza una wenyewe kabla hujaushika: nauli, chakula cha mchana, na nyumbani wanautazamia hata kama hawasemi. Ukiongeza na mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, utafanya kazi mwezi mzima kwa ajili ya mtu mwingine. Mimi nilianza kazi Arusha na suti niliyoichukua kwa mkopo kwa mtu aliyekuwa akipitisha nguo maofisini. Niliilipia miezi mitano. Mwezi wa tatu mshono wa bega ulikuwa umeshaachia, na bado nilikuwa nadaiwa.

Sasa tuje kwenye makoti ya Mama, maana naona utajiri wako uko hapo na unaupita. Makoti mengi ya zamani yana kitambaa kizito, bitana kamili, na ndani ya mishono yameachiwa kitambaa cha kutosha kupunguza au kuongeza. Yanachosha macho kwa sababu ya mapedi makubwa ya mabega na vifungo vya dhahabu, basi. Binti wa dada yangu alipewa koti la namna hiyo, akalichukia vilevile. Nikampeleka kwa fundi. Yule baba alimgeuza, akaminya kitambaa mgongoni kwa vidole viwili, akapiga mistari miwili ya chaki, akang'oa pedi, akatuambia twende tukanunue vifungo vyeusi. Jioni alipolivaa, alinyoosha mgongo bila kuambiwa. Koti lilikuwa lilelile.

Kipimo ni bega. Kiuno, urefu wa mikono, upindo wa chini, vyote hivyo fundi anaviweza kwa muda mfupi. Lakini mshono wa bega ukishuka mpaka kwenye mkono wako, mrudishie Mama kwa heshima, maana kurekebisha bega ni kulishona koti upya.

Fedha yako ningeigawa hivi: 40,000 ya viatu, 60,000 ya nguo, 30,000 ya fundi, na 20,000 ibaki kwa soksi, sidiria inayokukaa vizuri na nauli ya wiki ya kwanza. Utashangaa fundi kupewa fungu kubwa hivyo. Suruali ya mtumba iliyopindwa ikaishia pale inapotakiwa inaonekana ya bei kuliko suruali mpya inayofagia sakafu.

Za kununua, nenda soko la mitumba la Memorial asubuhi siku wanayofungua mzigo. Waulize wauzaji wenyewe ni lini. Vaa taiti na blauzi ya kubana ili ujaribu nguo palepale juu yake. Tafuta suruali mbili za kitambaa, nyeusi na bluu iliyokoza, sketi moja ya kijivu inayopita goti, na blauzi tatu ambazo kila moja inakubaliana na hizo zote. Blauzi nzuri inayotaka sketi yake peke yake iache hapohapo, hata ikikuita. Kila nguo inyanyue juani. Tazama kwapani, ndani ya kola, na kwenye mshono wa kati ya mapaja, ndiko kitambaa kinakoisha kwanza. Zipu ipandishe na kuishusha mara tatu. Kifungo kilichopotea kisikutishe. Doa la jasho lililogeuka manjano liogope.

Viatu ndipo wengi wanapoumia. Kiatu cha mtumba kinaweza kung'aa juu huku soli imeshaoza kwa kukaa muda mrefu. Siku mbili barabarani inamong'onyoka kama biskuti. Kikunje kwa nguvu mbele ya muuzaji. Kikionyesha nyufa, mrudishie. Chagua cheusi, kisigino kifupi, na usikivae kutoka Pasua hadi kazini. Tembea na raba zako, ubadilishe mlangoni. Vumbi na tope la Moshi havina adabu kwa kiatu cha ofisini.

Serikali ilitoa waraka wa mavazi kwa watumishi wake mwaka 2007, unaokataza nguo za kubana, fupi na zinazoonyesha maungo. Wewe hauko serikalini, ila ofisi nyingi hufuata mkondo huohuo, kwa hiyo uliza mapema. Uliza pia kama Ijumaa wanavaa vitenge. Kama ndivyo, na gauni lile la sendoff ni la kitenge, basi limepata kazi.

Na kurudia nguo ndani ya wiki si aibu, mwanangu. Akina mama watakaokuletea akiba zao dirishani wataangalia kama umefua, umepiga pasi, na kama unahesabu fedha yao kwa utulivu.

Leo jioni mwombe Mama akuonyeshe makoti yote, uyavae mbele yake moja moja. Muulize lipi alivaa siku yake ya kwanza kuingia darasani. Kisha siku ya kwenda kwa fundi, nenda naye.

Shangazi